Kimulimuli, Karai na Neno "Safi"

Katika ufuo wa Mkunguni, Msambweni, upimaji wa chakula huanza kabla ya ngalawa kufungwa. Mama karanga hungoja mchangani, leso ameikaza kiunoni na beseni i miguuni pake, na samaki wanapomwagwa chini yeye huinama. Hufunua matamvua kwa kidole gumba atazame kama bado ni mekundu au yamekwisha kugeuka rangi ya udongo. Huliangalia jicho: limetuna na kung'aa, au limebonyea na kutanda utando? Huufinya mgongo aone kama nyama inarudi. Mwisho huinua samaki hadi puani. Yote hayo huchukua muda wa pumzi nne au tano, na hukumu ikishatolewa haina rufani. "Huyu alilala," husema, na samaki hurudishwa. Wavuvi humnung'unikia kwa ukali wake, lakini ni nadra kumsikia mmoja wao akidai kwamba mama hajui asemalo.

Jina lake lataka ufafanuzi kidogo kwa msomaji wa bara, ambaye yamkini atadhani kwamba mama huyu huuza njugu. Karanga hapa linatokana na kitenzi cha kukaranga, yaani kupika kwa mafuta, ambacho katika Kiswahili sanifu kimekiachia nafasi kitenzi cha kukaanga, lakini katika pwani ya Kenya kingali hai. Mama karanga ndiye mwanamke anayenunua samaki wadogo wadogo, tafi, pono, changu na wengineo ambao wachuuzi wakubwa wenye barafu na majokofu huwaacha, akawaosha, akawatia chumvi, akawakaranga na kuwauza kando ya njia jioni. Wale wakubwa, nguru na kolekole na jodari, aghalabu huchukuliwa kwenda Ukunda na Diani, ziliko hoteli, au Mombasa. Kwa hiyo samaki wa ufuo mmoja hugawanyika pale pale mchangani wakaingia katika dunia mbili za ulaji na, kama itakavyoonekana, dunia mbili za upimaji.

Pua ya mama karanga si ya kudharauliwa. Harufu ya samaki aliyelala hutokana kwa kiasi kikubwa na kemikali iitwayo trimethilamini, ambayo bakteria huitengeneza baada ya samaki kufa. Anayenusa, basi, ananusa kazi ya bakteria. Methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza wote huoza hufundishwa shuleni kama onyo juu ya marafiki wabaya, na wanafunzi wa fasihi wamezoea kuisoma kwa maana hiyo tu. Ufuoni methali hiyo ni kanuni ya beseni, tena kanuni ya kweli, kwa kuwa bakteria huhama pamoja na majimaji kutoka samaki hadi samaki. Wahenga hawakuwa na hadubini, ila walikuwa na beseni.

Walakini pua ina mipaka yake, na mpaka ulio hatari zaidi uko kwa samaki wanaopendwa sana. Jodari, vibua, sehewa na jamaa zao wana nyama yenye wingi wa histidini. Wakiachwa katika joto bila barafu, bakteria fulani huigeuza histidini hiyo kuwa histamini. Mlaji huhisi uso ukimwiva na kuwasha, kichwa kikimgonga, moyo ukimwenda mbio, na aghalabu huambiwa kwamba damu yake haipatani na jodari. Cha kustaajabisha ni kwamba samaki huyo anaweza kuwa hana harufu mbaya hata kidogo. Zaidi ya hapo, moto haumtakasi. Karai lenye mafuta yanayotokota huwaua bakteria, lakini histamini haiharibiki kwa joto la jikoni. Mtendaji hufa, kitendo chake kikabaki. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2005 hutaka sampuli tisa zipimwe katika shehena ya samaki wa aina hiyo, na wastani wake usizidi miligramu 100 za histamini kwa kilo. Hakuna pua iwezayo kuhesabu miligramu.

Kadhia ya jinsi hiyo hiyo, ila yenye msiba mkubwa zaidi, ilitokea Ukambani mwaka 2004. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu, na sumukuvu iliyotokana nayo ikawaugulisha watu 317, ambao 125 kati yao walifariki. Wengi walikuwa wamekula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyopikwa yakaiva. Huko nako moto haukufaa kitu. Tangu wakati huo si rahisi kumwambia mtu wa Kenya kwamba chakula kilichoiva vizuri ni chakula kilicho salama, ingawa bado huambiwa hivyo kila siku.

Kwa zaidi ya karne moja jibu la sayansi kwa udhaifu wa pua lilikuwa sahani. Sampuli ya chakula hupakwa juu ya rojo iliyogandishwa kwa agari, ikafungiwa mahali penye joto kama la mwili wa binadamu, na kila bakteria aliye hai huzaana mpaka akawa doa linaloonekana kwa macho. Yafaa ikumbukwe kwamba agari iliingia maabara ikitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa daktari aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch nchini Ujerumani, ndiye aliyeipendekeza mwaka 1881, kwa kuwa alikuwa akigandishia jeli zake na alijua kwamba haiyeyuki siku za joto. Agari hutokana na mwani, tena mwani ulio jamaa ya ule unaolimwa na wanawake wa Kibuyuni, karibu na Shimoni, ijapokuwa wa Kibuyuni hutoa kigandishi cha aina nyingine. Vitabu vya sayansi havimtaji sana Bibi Hesse. Makala yanayomhusu mwanamke mwingine wa jikoni hayana budi kumtaja.

Kasoro ya sahani ni muda. Bakteria aitwaye Escherichia coli, akipata joto na chakula cha kumtosha, huweza kugawanyika mara moja kila dakika 20. Mmoja tu, baada ya saa nane, huwa zaidi ya milioni 16. Wingi huo ndio unaomfanya aonekane, na maabara huungojea kwa saa 24 hadi 48. Kumthibitisha salmonela kwa njia ya zamani huweza kuchukua siku nne au tano. Samaki aliyevuliwa Mkunguni alfajiri huwa ameliwa kabla ya jua la siku ya pili kuchwa. Majibu yakifika, hakuna wa kuyapokea isipokuwa mgonjwa.

Ndipo lilipozuka neno haraka. Wakazi wa Msambweni wanalijua vyema kutokana na malaria: tone la damu katika kijikasha cha plastiki, dakika 15 au 20, na mstari ukajitokeza au usijitokeze. Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa Uviko-19, dunia nzima ilijifunza lugha hiyo ya mistari. Vipo vijikasha vya namna hiyo vya kumsaka salmonela na listeria katika chakula. Hata hivyo haraka yao ina siri. Kanuni za chakula aghalabu hutaka kusiwe na salmonela hata mmoja katika gramu 25, na hakuna kijikasha kiwezacho kumwona mmoja. Sampuli hulazimika kwanza kulazwa katika supu ya virutubisho, mara nyingi usiku kucha, ili huyo mmoja awe malaki. Mstari hujitokeza kwa dakika chache, ni kweli. Usiku ule wa kungoja ndio usiotajwa katika tangazo la biashara.

Njia iliyo na haraka ya kweli hukopa nuru ya kimulimuli. Mtoto aliyekulia minazini, mvua za masika zikiwa zimepusa kidogo, amekwisha kumkimbiza mdudu huyo na kumfungia kiganjani. Mwaka 1947 mwanasayansi wa Marekani, William McElroy wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, alionyesha kwamba nuru ile haiwaki pasipo adenosini trifosfeti, kemikali inayoitwa ATP kwa kifupi, ambayo chembe hai zote huitumia katika kuhifadhi na kutoa nguvu. Ili apate vimulimuli wa kutosha, McElroy aliwalipa watoto wa mji ule senti 25 kwa kila vimulimuli 100. Siku hizi watoto hawahitajiki tena. Jeni ya kimeng'enya cha kimulimuli, yaani lusiferasi, ilinakiliwa mwaka 1985, na bakteria waliotiwa jeni hiyo hukitengeneza kimeng'enya hicho kwa wingi. Ni kinaya kizuri: bakteria wamefanywa kuwa watengenezaji wa taa ya kuwasakia bakteria wenzao.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Mpimaji hupangusa ubao wa kukatia kwa kijiti chenye pamba, hukichovya katika dawa yenye lusiferasi, na kukitia ndani ya kifaa kinachoenea kiganjani. Baada ya sekunde 15 hivi kifaa huandika namba. Nuru ikiwa nyingi namba huwa kubwa, na namba ikiwa kubwa ubao huoshwa tena pale pale, kabla ya samaki kuwekwa juu yake. Viwanda vya maziwa, machinjio na majiko ya hoteli kubwa katika nchi nyingi hutumia kipimo hiki, na kwa hakika kimewafaa, kwa sababu mwosha ubao huiona kazi yake ikipewa alama papo hapo.

Lakini namba hiyo yasema nini hasa? ATP imo ndani ya bakteria, na imo vilevile katika damu ya changu, katika nyanya, katika tui la nazi na katika ngozi ya mkono wa mpishi. Kifaa hakijui kuzitenga. Ubao wenye mabaki ya tui jipya lisilo na madhara utang'ara, ilhali ubao uliopitiwa na virusi vya homa ya manjano ya ini, aina ya A, utakaa kimya, maadamu virusi havina ATP. Histamini nayo haing'ari. Kwa hiyo kimulimuli wa maabara hujibu swali moja tu: je, hapa pameoshwa vya kutosha? Hajui kama patamdhuru mtu, na wala hakuulizwa.

Hata kipimo kiwe cha haraka namna gani, chakula chote hakipimiki, kwa kuwa kilichopimwa huwa kimeharibiwa. Tatizo hilo liliikabili kampuni ya Pillsbury miaka ya 1960 ilipokuwa ikiwatengenezea chakula wanaanga wa Marekani: ili kuwa na yakini, ingelazimu kupima sehemu kubwa ya chakula na kubakiza kidogo cha kula. Suluhisho lake, linalojulikana duniani kwa kifupisho cha HACCP, lilikuwa kuuhamisha ulinzi kutoka kwenye sahani ya mwisho hadi kwenye njia nzima: joto, muda, maji, kisu, mikono. Mama karanga anayekataa samaki wa saa nane mchana kwa kuwa anajua alivuliwa alfajiri analinda njia hiyo hiyo, ingawa hana fomu ya kujaza.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia katika mjadala, ingawa hakualikwa. Kifaa hutoa namba, na namba haina budi kusemwa kwa maneno. Neno la kwanza linalokuja kinywani ni safi, na ni neno linalobeba mizigo mingi kupita nguvu zake. Katika jamii ya Waislamu, kama walivyo wengi wa Wadigo wa Msambweni, pembeni mwa safi kuna twahara, lenye sheria zake za kale. Maji mengi yasiyobadilika rangi, ladha wala harufu ni twahara, na mtu hutawadha kwayo akaswali. Sheria hiyo haikukusudia kuhesabu bakteria, na si haki kuihukumu kwa kazi isiyokuwa yake. Hata hivyo maji hayo hayo huweza kuwa na E. coli. Ubao wa kukatia unaweza basi kuwa safi kwa jicho, twahara kwa sheria, na usiwe salama kwa tumbo la mtoto. Kinyume chake pia hutokea. Maziwa ya mtindi na tembo la mnazi vyote viwili vimejaa viumbe hai visivyoonekana, na kimoja kimeharamishwa kwa sababu zisizohusiana kabisa na hadubini.

Istilahi za kitaalamu zingeweza kusaidia, na kazi kubwa imefanywa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ni ushahidi wa kutosha. Ila ufuoni istilahi hufika zikiwa zimevurugana kama nyavu zilizopigwa na kusi. Kijidudu, kiini, kimelea, kijasumu, bakteria: yote husemwa kana kwamba ni kitu kimoja. Kijasumu hubeba sumu ndani ya jina lake, hivyo humtia bakteria hatiani kabla ya kesi kusikizwa, pamoja na yule anayegandisha mtindi. Kijidudu kina hatari ya namna nyingine. Kwa sikio la kawaida hilo ni umbo la udogo la mdudu, na mtu anayeambiwa aondoe vijidudu huwatazama nzi na funza, asipowaona huridhika. Hana kosa. Amelitii neno kama lilivyoundwa.

Mbaya kuliko yote ni chanya na hasi. Katika hotuba, magazeti na mahubiri, chanya ni jambo jema: fikra chanya, mabadiliko chanya. Maabara huligeuza neno hilo chini juu. Maji yakisemwa kuwa majibu yake ni chanya, yana kinyesi ndani yake. Hasi, ambalo mfugaji hulisikia likifanana na kuhasi dume, ndiyo habari njema. Madaktari wamelizoea jambo hili hata hawalioni tena, na tafsiri zao ni sahihi kabisa kwa kamusi. Usahihi wa kamusi, hata hivyo, haumzuii mtu kurudi nyumbani na furaha isiyostahili. Kiswahili kina njia zilizonyooka zaidi: "wameonekana" na "hawakuonekana", au kwa urahisi zaidi, "yana kinyesi" na "hayakuonekana na kinyesi". Kauli ya pili ni ya maana sana. Haisemi kwamba hakimo, inasema kwamba hakikuonekana, na kila kipimo cha haraka duniani kinastahili kusemwa kwa kauli hiyo ya unyenyekevu.

Kenya humtaka kila anayeshika chakula cha kuuza apimwe afya na kupata cheti kila baada ya miezi sita. Ni sharti jema. Lakini kinyesi kilichopimwa Januari hueleza habari za asubuhi moja ya Januari. Hakisemi neno juu ya Machi. Bwana afya anapopita vibandani huuliza cheti, nacho huonyeshwa, kimeandikwa kwa Kiingereza, na pande zote mbili huachana kwa heshima. Maji ya kuoshea samaki hubaki ndani ya ndoo, hayajaulizwa kitu.

Ni nani, basi, anayepimiwa chakula chake? Historia ya karibu ina jibu lisilopendeza. Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua za El Niño zilileta kipindupindu katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji hadi katikati ya mwaka 1998. Mapema mwaka huo huo wa 1997, salmonela alikuwa amekwisha kuonekana katika minofu ya sangara wa Ziwa Viktoria. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisema wazi kwamba marufuku ya kipindupindu haikuwa hatua iliyofaa. Viwanda vilifunga au kupunguza kazi, na wavuvi wakakosa wanunuzi. Baada ya hapo serikali za nchi za ziwa zilijenga upya taratibu za ukaguzi na maabara, na zilifanya hivyo kwa bidii ya kusifiwa. Yote yalifanywa ili minofu ipite forodhani Ulaya. Kichwa cha samaki na mifupa yake, ambavyo viwanda huviuza kwa wakazi wa maeneo yale wakavikaranga, havikuwa na forodha ya kupitia.

Pwani mambo hayakuwa tofauti sana. Uchunguzi mkubwa wa wasafiri uliofanywa miaka ya 1990 na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watalii waliokaa Mombasa na fukwe zake kwa wiki mbili walipatwa na kuhara, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko Goa, Montego Bay na Fortaleza. Hapana shaka kwamba takwimu kama hizo huwaamsha wenye hoteli, na vifaa vya kupima huanza kununuliwa. Tumbo la mgeni lina bima, lina wakili, lina kampuni ya utalii inayoandika barua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba chakula kichafu huua watu 420,000 duniani kwa mwaka, na karibu theluthi moja ni watoto wa chini ya miaka mitano. Watoto hao hawaandiki barua. Na kipindupindu kinapozuka, amri ya kwanza kumfikia mama karanga mara nyingi ni kufunga kibanda. Hupokonywa riziki kwa ajili ya hatari ambayo hakuna aliyempa chombo cha kuiona, jambo ambalo ni gumu kulitetea.

Na chombo si lazima kiwe cha ajabu. Mahali pa kuanzia ni maji, kwa sababu maji ndiyo huosha samaki, kisu, beseni na mikono. Kwale ina historia ndefu ya visima. Miaka ya 1980, kwa msaada wa Uswidi na kazi ya shirika la KWAHO, vijiji vya kusini mwa Kwale vilipata pampu za mkono, na huko ndiko pampu ya Afridev, inayotumika sasa katika nchi nyingi za Afrika, ilikofanyiwa majaribio. Kwale hiyo hiyo imekuwa uwanja wa majaribio ya kipimo kipya kabisa cha haraka. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao walichapisha utafiti wa visima vya kaunti hiyo, ambamo miale ya urujuanimno hutupwa ndani ya maji, na maji yenye dalili za uchafu wa bakteria hurudisha mng'aro unaofanana na wa triptofani, papo hapo, bila sahani wala usiku wa kungoja. Kimulimuli mwingine, kwa maneno mengine, na huyu hana hata haja ya kulishwa dawa. Naye ana upofu wake: mabaki ya majani yaliyooza ardhini hutoa mng'aro unaoweza kumbabaisha. Hufaa kwa kuonyesha kisima kipi kitiliwe shaka kwanza, na hilo si jambo dogo kwa kaunti yenye visima vingi na wapimaji wachache.

Kifaa hicho hakitafika katika kibanda cha Msambweni upesi. Kitu kinachoweza kufika kimekuwapo tangu mwaka 1982, kilipotangazwa na wanasayansi wa India: chupa ndogo yenye karatasi iliyolowekwa dawa. Maji hujazwa ndani, chupa huachwa mahali penye uvuguvugu, na bakteria wa tumboni wakiwamo maji huwa meusi kabla ya siku kupita. Haihitaji umeme. Haina namba, haina chanya wala hasi, na asiyejua kusoma huisoma. Wapo wataalamu wanaoidharau kwa kuwa si sahihi kama sahani, na wana hoja: maji ya ardhini yenye gesi ya salfa ya asili huweza kuitia chupa weusi bila choo cha mtu yeyote kuhusika. Hilo sharti lielezwe kwa Kiswahili au Kidigo kinachoeleweka, na anayeieleza awe tayari kurudi na kuieleza tena. Lakini chupa hiyo hukaa rafuni, jikoni mwa mwenyewe, usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kwenda Mkunguni na beseni lake, ndiye anayeitazama wa kwanza, na ndiye anayeamua kama maji ya leo yatachemshwa.